Ujasiri Pekee Haufumbui Fumbo

Hoja inayochapishwa mara kwa mara, kwamba ndugu wadogo katika hadithi za upelelezi hufaulu kwa sababu ya ujasiri, ni hoja iliyosoma jalada ikaacha kurasa. Katika riwaya ya Enid Blyton ya mwaka 1942, ya kwanza kati ya 21 za mfululizo wake, ndugu watatu, Julian, Dick na Anne, wanafika kisiwani kwa sababu binamu yao Georgina, msichana mkaidi na mwepesi wa hasira, anajua kupitisha mashua katikati ya miamba. Kinachowavusha ni ujuzi wa mahali, yaani maarifa ayapatayo mtoto kwa kuishi na kutazama, pamoja na utayari wa mgeni kumfuata mwenyeji. Hata Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ingawa ni mtu mzima, hufumbua mafumbo kwa kudadisi, si kwa kutunisha kifua.

Mwandishi atakayewaweka kaka na dada Njukini, Taveta, karibu na Ziwa Chala, ambalo ni kasoko, yaani shimo la volkeno, lililojaa maji na kukatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania, akiwapa ujasiri mtupu atawaporomosha kwenye kuta zake kabla ya sura ya pili. Awape udadisi, subira na ubishi kidogo, kwa kuwa ndugu wasiobishana hukosea pamoja. Mtetezi wa ujasiri naye airudie riwaya ile ya Blyton, akimtazama anayeshika makasia.