Brashi ya Buku Mbili Haijawahi Kuharibu Kadi ya Mtu

Haya wadau, leo umbea tunauweka pembeni kidogo, ingawa ukweli ni kwamba umbea ndio uliotufikisha hapa.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni. Kazi yake ni kupamba sherehe, na wafuasi anao wa kutosha. Majuzi katupia klipu akiwachamba wanaotengeneza kadi kwa mkono halafu wanapaka wino kwa brashi za mekapu. Ujumbe wake kwa kifupi: ukimwona mtu anatengeneza kadi kwa brashi ya kujipodolea, huyo anabahatisha, mkimbie. Kisha akatuonesha seti yake aliyoagiza nje ya nchi. Komenti zikajaa vicheko, watu wakasonga mbele.

Ila kuna aliyeshindwa kusonga mbele. Ni binti mmoja wa Itigi, naye jina kapuni. Kwa wasiopajua, Itigi iko Singida, mji wa stesheni ya Reli ya Kati, ukitoka Manyoni unaelekea Tabora. Huyu binti anatengeneza kadi za harusi, za komunyo ya kwanza na za kipaimara. Klipu ilipofika kwenye grupu la kamati ya harusi moja, mteja aliyekuwa ameagiza kadi sitini akataka bei ikatwe nusu. Kadi alikuwa ameshaziona na akazipenda. Kilichobadilika ni kwamba amejua zimepakwa kwa brashi gani.

Hapo ndipo nasema hapana, tuongee.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Unachukua wino wa muhuri, ule wa kwenye kidau chenye sponji, unaupeleka kwenye karatasi ngumu ili rangi ianze nzito pembeni na kufifia kidogo kidogo hadi katikati. Au rangi mbili zikutane bila kuonekana mpaka: nyekundu inaingia kwenye bluu, katikati inazaliwa zambarau, unapata anga ya magharibi. Kinachotakiwa hapo ni nywele laini, nyingi, zilizoshonana, zinazosambaza rangi bila kuacha mistari.

Sasa niambieni, brashi ya faundesheni ilitengenezwa kwa ajili ya kazi gani? Si hiyohiyo? Kusambaza rangi usoni mpaka isionekane ilipoanzia wala ilipoishia. Hata hizo brashi maalumu za kadi zinazouzwa nje, ukiziweka pembeni ya brashi za mekapu utadhani ni mtu na mdogo wake. Tofauti kubwa unaiona kwenye boksi na kwenye bei.

Kinacholeta tofauti ni mkono. Binti wa Itigi alinieleza kwa simu anavyofanya, na hakuna uchawi. Anagusa wino kidogo, anaigonga brashi kwenye karatasi chakavu kupunguza wino uliozidi, halafu anaanzia nje ya kadi, kwenye meza, na kuingia ndani kwa miduara midogo bila kukandamiza. Rangi nyepesi inatangulia, nzito inafuata. Ukianzia katikati ya kadi na brashi imejaa wino, unaacha doa ambalo halifutiki, hata brashi yako iwe imetoka Paris.

Ana brashi nne, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake kwenye mpini. Ya nyekundu haigusi kijani, kwa sababu nyekundu na kijani zikichanganyika unapata tope. Kadi yake inayotoka zaidi ina jua linazama na treni inapita. Umbo la treni kalikata kwa wembe kwenye jalada la faili la plastiki. Huyo ndiye tunaambiwa anabahatisha?

Tusidanganyane lakini, brashi za bei rahisi zina matatizo yake. Nyingine zinanyonyoka, na unywele mmoja ukinasa kwenye wino mbichi kadi imekwisha. Dawa yake ni kuivuta nywele kwa vidole kabla ya kuinunua. Ikinyonyoka dukani, iache hukohuko. Nyingine kichwa kinachomoka kwenye mpini, tone la gundi linamaliza kesi. Ukiiosha, iache ikauke kabisa, maana brashi yenye maji inageuza wino kuwa mabaka. Na ikishaingia kwenye wino, usirudi nayo usoni, mrembo. Hilo halina mjadala.

Kama una hela ya ziada, ipeleke kwenye karatasi. Manila dhaifu ukiisugua sana inatoa manyoya, na hapo hata brashi ya dhahabu haikusaidii. Baada ya karatasi, wino. Brashi ije mwisho.

Najua dada wa mjini ana hoja yake. Biashara inahitaji uwekezaji, na mteja anastahili kazi safi. Nakubali. Tatizo ni pale anapopima usafi wa kazi kwa bei ya kifaa. Yeye yuko mjini, Kariakoo anafika leo na kurudi leo. Aliye Itigi akitaka brashi maalumu inabidi amtume mtu Dar, alipie mzigo kwenye basi, halafu aombe Mungu kifike kile alichoagiza. Brashi ya mekapu ataipata duka la vipodozi au siku ya mnada kwa buku mbili tatu. Ukimwambia asubiri mpaka apate seti ya nje, unamwambia asianze kabisa.

Tena sisi Watanzania ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka vifaa vya bei rahisi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli na vipande vya mbao za kubandika kwenye dari. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye. Leo michoro ya mtindo wake inabeba jina lake dunia nzima, na watalii wanaondoka nayo kila siku. Angesubiri turubai na rangi za Ulaya, tungekuwa na nini?

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi. Siku hizi kadi nyingi zinatumwa WhatsApp. Picha moja inafowadiwa kwa watu mia tatu, mchezo umeisha. Mtu anayeamua kuagiza kadi ya mkono anataka kitu ambacho mgeni atakishika, atakiweka kabatini, na miaka kumi baadaye atakionesha kwa watoto. Anacholipia ni saa alizokaa mtu mezani, kadi moja baada ya nyingine, mpaka zikatimia sitini. Fundi cherehani hukatiwi bei kwa sababu cherehani yake ni ya kurithi. Mama ntilie humlipi nusu kwa sababu anapikia kuni. Kwa nini mtengeneza kadi?

Kwa hiyo mteja, ukipewa kadi ya mkono, ikague kama kadi. Iweke kwenye mwanga. Je, rangi inafifia vizuri au ina mistari? Pitisha kidole kikavu: wino unabaki kwenye karatasi au unahamia kwako? Kingo zimekatwa sawa? Ukiona kasoro, dai haki yako bila aibu. Usipoiona, lipa bei mliyokubaliana.

Na wewe dada yetu wa mjini, tunakupenda na kazi zako tunazikubali. Seti yako ni nzuri, itumie kwa raha zako. Ila ukishika kamera, kumbuka kuna kamati ya harusi mahali fulani inakusikiliza huku inahesabu pesa za mtu.

Haya, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe ndiye huyo binti, ungekata bei au ungesimama na bei yako? Na wale wa kadi za mkono, mnatumia brashi gani? Tupieni hapo chini, na matusi muache nyumbani.