Ngoma ya Mkanda Isichorwe Bila Wavu Wake



Leo mchora plani hachori tena kila chombo upya. Kwenye kompyuta anatengeneza mfano wenye urefu, upana na kimo, kama chombo chenyewe, na kuuweka katika ghala la mifano. Akitaka ngoma kubwa zaidi kwa mkanda wa mawe, anabadili namba mbili tatu tu, na mfano unajipanga wenyewe. Kazi nzuri hiyo.

Lakini angalieni: ngoma ikichorwa peke yake, na mfano huo ukatumiwa mara 20, ngoma 20 zinakwenda kazini bila kinga. Sisi wa dispansari tunajua kwamba pale mkanda unapoingia kwenye ngoma hapana huruma kwa mkono.

Mimi nasema wavu wa kinga ufungwe ndani ya mfano uleule. Vipimo pia viandikwe humo. Kwa kanuni ya ISO 13857, wavu wenye matundu ya mraba ya milimita 20 ukae angalau milimita 120 mbali na mahali pa hatari. Matundu yakiwa milimita 40, umbali uwe 200. Tundu likibadilishwa, umbali ubadilike wenyewe. Kompyuta inaweza.

Nanyi wapaka grisi, mwonyesheni mchora plani mkono wenu unapopita. Wavu ukifunguliwa kila mara kwa ajili ya grisi, siku moja haurudishwi. Bomba la grisi litokeze nje ya wavu, nalo lichorwe humo humo.