Mtumbwi Mkuukuu: Uzibwe au Uvunjwe?

Mtu atokaye Masinya akashuka hadi Majanji, mahali ambapo ardhi ya wilaya ya Busia inakoma na Ziwa Victoria linaanza, hakosi kukuta ufukweni mtumbwi uliopinduliwa kifudifudi, na mafundi wawili au watatu wameuinamia. Mmoja anakwangua lami ya zamani, mwingine anasokota pamba ya kuziba nyufa, wa tatu anatwanga bati lipate kulala juu ya mbao. Pembeni amesimama mwenye chombo, mikono mgongoni, akijiuliza swali ambalo wenye vyombo wa pande zote mbili za mpaka, Majanji na hata Sio Port kwa ndugu zetu wa Kenya, hujiuliza kila mvua za masika zikaribiapo: je, chombo hiki kitengenezwe tena, ama wakati umewadia wa kununua kingine?

Sisi ambao kazi yetu ni jeshi, na ambao jeshi letu lilipewa mwaka 2017 jukumu la kusimamia sheria za uvuvi katika ziwa hili, tumeonekana na wengi kuwa watu wa jawabu moja tu: choma, nunua kipya. Hatukatai kwamba mitumbwi mingi isiyofika futi 28 iliteketezwa, wala hatukatai kwamba moto ule uliacha machungu katika nyumba nyingi. Lakini yafaa ieleweke kwamba urefu wa chombo ni jambo moja, na uzima wake ni jambo lingine. Mtumbwi wa futi 28 uliooza unazamisha watu vile vile.

Tuanze na haki ya wale wanaopenda kutengeneza. Mtumbwi wa zamani uliojengwa kwa mvule si kitu cha kutupwa ovyo. Mti huo huchukua miongo mingi kukomaa, umekatwa bila huruma, na leo kuupata ubao wake mrefu ni shida na bei yake haishikiki. Mitumbwi mingi mipya hujengwa kwa mbao laini, tena changa, ambazo hazikuachwa zikauke. Chombo kikishaanikwa juani wiki mbili, mbao hunywea na viungo vyote hufunguka. Mwenye mtumbwi mkuukuu wa mvule, mkuku wake ukiwa mzima, anayeuacha ili anunue mpya wa mbao changa kwa sababu tu rangi inang'aa, huyo amepata hasara mara mbili.

Tena historia ya maziwa yetu inao ushahidi. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa na Wajerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, na mwaka 1916 ikazamishwa na Wajerumani wenyewe isije ikatekwa. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mashine zafaa kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya. Iliendelea kubeba abiria na mizigo hadi karne hii. Hapa kwetu, MV Victoria iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifanyiwa ukarabati mkubwa Mwanza, ikarudi ziwani mwaka 2020. Uzee peke yake, basi, si hukumu.

Lakini mtumbwi wa mbao si meli ya chuma, na hapa ndipo wapenda viraka wanapokosea. Msumari ukipata kutu huozesha mbao iliyouzunguka. Fundi akipigilia mwingine mahali pale pale, hauna cha kushika. Bati lililopigiliwa juu ya ufa huzuia maji yasiingie kwa muda, lakini pia hunasa unyevu nyuma yake, na mbao huendelea kuoza mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana mtumbwi wenye mabati mengi huonekana umetunzwa, kumbe umefunikwa. Mbao ya ubavuni ikioza hubadilishwa, na taruma moja au mawili nayo hubadilishwa. Mkuku ukioza, hakuna fundi wa kuuponya. Kila kitakachopigiliwa juu yake kimepigiliwa kwenye uozo. Kipimo chake hakihitaji elimu kubwa: chukua kisu, uchome kandokando ya mkuku kutoka omo hadi tezi. Kisu kikigoma, tengeneza. Kikizama kama katika muhogo uliochemka, maneno yamekwisha.

Taifa zima lilipata somo hilo tarehe 24 Novemba 2018, MV Templar ilipozama karibu na ufuko wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Wakuu walieleza kwamba chombo kilikuwa kibovu, hakikuwa na leseni, na kilibeba watu kupita kiasi. Siku ile magazeti yote yaliandika. Mtumbwi wa wavuvi watatu unapofunguka usiku mbali na pwani, hauandikwi popote.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha shauri lote. Mara nyingi anayeamua kwamba mtumbwi uzibwe tena siye anayeupanda. Tajiri yuko Busia mjini au yuko shambani kwake Masinya. Ziwani wako mabaharia, vijana wanaolipwa kwa fungu la samaki, ambao asubuhi wakisema chombo kinavuja huambiwa wachukue kopo wakumbe maji au wawaachie nafasi wengine. Katika chuo cha makadeti tulizoezwa kwamba bunduki husafishwa na kukaguliwa na yule atakayeibeba, kwa kuwa ikikwama ni yeye atakayedhurika. Hatuoni kwa nini kanuni hiyo isifae ufukweni. Baharia apewe kisu, achome mkuku mwenyewe mbele ya tajiri na mbele ya kamati ya ufuko, na akikataa kupanda asifukuzwe kazi kwa sababu hiyo.

Liko na jambo la pili. Mtumbwi uliokataliwa na tajiri mwenye uwezo hauvunjwi. Huuzwa kwa bei ya chini kwa mnyonge, naye huupaka lami na kuurudisha majini. Hivyo chombo kimoja huzeeka mikononi mwa watu watatu, kila mmoja maskini kuliko aliyemtangulia. Chombo kikishahukumiwa, mkuku wake ukatwe siku hiyo hiyo mbele ya watu. Mbao nzima zilizobaki zifanye milango, mabenchi ya shule na vichanja vya kuanikia dagaa, na thamani yake abaki nayo mwenyewe.

Tutaulizwa fedha za kununua mtumbwi mpya zitoke wapi, na ni swali la haki. Shilingi milioni moja ambazo kaya hupewa katika mpango wa maendeleo ya parokia ulioanzishwa mwaka 2022 hazitoshi mtumbwi wa futi 28 pamoja na mashine yake. Lakini kaya kadhaa zikiungana kwa chombo kimoja, mabaharia wakiwamo miongoni mwa wenye hisa, hesabu inaanza kusogea. Tena mwenye hisa hapigi bati juu ya uozo ambao usiku ataukalia mwenyewe. Tungependa kamati za fuko, kuanzia Majanji, zilizungumze jambo hili pamoja na ukaguzi wa visu kabla ya Machi, mvua hazijaanza na mafundi hawajaelemewa na kazi.