Kabla Hujawacheka Wanaokwenda Namugongo



Kila mwaka tarehe 3 Juni ikikaribia, mahujaji Wakatoliki kutoka huku kwetu huvuka mpaka pale Busia na Malaba kwa miguu, rozari shingoni, wakielekea Namugongo nje kidogo ya Kampala. Kutoka Busia tu ni karibu kilomita 200. Na kila mwaka sisi watu wa wokovu tunaanza. Picha zao zinazunguka kwenye magrupu ya makanisa yetu. "Waone hao, wanachosha miguu kufuata maji ya ziwa." "Dini bila wokovu." Halafu vicheko, na alama za moto.

Moto! Watu walichomwa pale, mpendwa, na wewe unaweka alama ya moto ukicheka.

Leo naongea na sisi. Wakatoliki wana mapadri wao.

Niseme kwanza ninachoamini, asije mtu akasema pasta amebadilisha dini. Simwombi mtu aliyekufa aniombee, hata kama alikufa vizuri kuliko nitakavyokufa mimi. Mpatanishi ni mmoja, soma 1 Timotheo 2:5. Siendi kuchota maji Namugongo kwa mtungi nikitafuta uponyaji. Yule mama Msamaria alimuuliza Yesu habari za mlima gani wa kuabudia, na Yesu akauvunja mjadala wote wa milima (Yohana 4). Hapo sijasogea hata hatua moja.

Lakini niambie, unajua kilichotokea pale? Wengi wetu tunajua jina na siku ya mapumziko ya Uganda, basi.

Mwaka 1885 Kabaka Mwanga aliagiza askofu Mwanglikana, James Hannington, auawe kule Busoga. Askofu huyo alikuwa amepita nchi hii yetu kwa miguu. Ndani ya jumba la Kabaka alikuwemo Mkatoliki, Joseph Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana waliomtumikia mfalme. Alimkemea mfalme uso kwa uso kwa mauaji hayo. Tarehe 15 Novemba 1885 akakatwa kichwa. Mkatoliki amekufa kwa sababu alimtetea askofu wa Waanglikana, na wewe leo huwezi kumsalimia jirani yako Mkatoliki bila kumwambia anaenda jehanamu.

Baada yake Charles Lwanga ndiye aliyewashika wale vijana. Mfalme alitaka miili yao, wakamkataa. Alitaka waache kusali, wakakataa. Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu, Lwanga akawabatiza waliokuwa hawajabatizwa, kati yao Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Wakafungwa, wakapelekwa Namugongo, wakakaa karibu wiki nzima kwenye minyororo wakingoja kuni zikusanywe. Wiki nzima! Muda wa kubadilisha mawazo ulikuwepo wa kutosha. Tarehe 3 Juni wakafungwa ndani ya matete wakachomwa, Wakatoliki na Waanglikana. Wote waliouawa katika dhiki ile, wale wanaohesabiwa na makanisa hayo mawili, ni 45: Wakatoliki 22, Waanglikana 23. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwataja na wale Waanglikana.

Kuna mmoja anaitwa Mbaga Tuzinde. Yeye huyu hunitoa machozi. Mkuu wa wauaji wa mfalme, Mukajanga, ndiye aliyemlea kama mwanawe. Alimsihi. Sema tu utaacha kusali, yaishe. Neno moja tu, tena mbele ya mzee wake mwenyewe ambaye angemficha. Akakataa. Kitu pekee ambacho yule mzee aliweza kumfanyia ni kuagiza apigwe rungu la shingo afe kabla ya moto kumfikia.

Sasa hapa ndipo nataka tukae.

Kanisa lililojengwa pale ni la duara, lina umbo la nyumba ya Kiganda, na nguzo 22 kuzunguka. Mapapa watatu wamefika. Watalii wanaletwa na magari kutoka Kampala, wanapiga picha, wananunua rozari, wanaendelea na safari. Upande wa Waanglikana kuna makumbusho yenye sanamu za vijana wakiwa wamefungwa na kuchomwa. Hayo yote yapo, na biashara ipo, siikatai. Lakini mtu akimaliza kupiga picha, akimaliza kuchota maji, bado atabaki na swali moja pale: mbona Mungu hakuwatoa?

Na sisi hatuna jibu. Semeni kweli, watumishi wenzangu. Injili tunayohubiri Jumapili, ya upenyo wa siku saba, ya adui kuaibika kabla ya mwezi kuisha, tutamweka wapi Kizito? Alikosa nini? Hakupanda mbegu? Hakuwa na baba wa kiroho wa kumfunika? Alikiri vibaya kwa kinywa chake? Kama injili yangu haiwezi kuhubiriwa kwa kijana aliyefungwa ndani ya matete, basi hiyo ni injili ya nani?

Tunapenda Danieli 3. Tunarukaruka na yule mtu wa nne ndani ya tanuru. Mstari wa 18 tunaupita mbio, pale wale vijana wanapomwambia mfalme kwamba hata Mungu asipowaokoa, hawainami. Waebrania 11 vilevile. Tunasoma waliofunga vinywa vya simba, tunapiga makofi, na katikati ya mstari wa 35 tunafunga Biblia. Kwa nini? Kwa sababu kuanzia hapo wanakuja wale wengine, waliopigwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, na sifa ya imani walipewa wao pia.

Halafu tunacheka maji ya Namugongo! Sisi? Tunaouza maji kwenye chupa ndogo yenye picha ya mtumishi kwenye lebo? Tunaojaza mabasi kupeleka wagonjwa kwa nabii wa mji mwingine, na namba ya kutuma sadaka imeandikwa ukutani kubwa kuliko jina la Yesu? Yule hujaji amelala njiani kwa siku kadhaa, na maji yake amechota bure. Gehazi ndiye aliyefuata mali nyuma ya muujiza, na Gehazi alikuwa mtu wa nyumbani kwa nabii, hakuwa mgeni kutoka dini nyingine.

Na nchi hii ilifukua zaidi ya miili 400 ya watu kule Shakahola mwaka 2023. Hawakupelekwa kule na rozari. Walipelekwa na mahubiri yanayofanana na yetu, yenye Biblia mkononi na machozi. Kufa kwao si kufa kwa Lwanga. Lwanga hakutafuta kifo wala hakumnyima mtoto chakula. Aliwalinda watoto dhidi ya mwenye nguvu, na kwa hilo akauawa. Mchungaji asiyeweza kutofautisha hayo mawili asihubiri habari za kujitoa mhanga.

Ijumaa hii kwenye kesha letu tunasoma Waebrania 11 yote, mstari wa 1 hadi wa 40, bila kuruka. Kama una jirani Mkatoliki aliyerudi na miguu imevimba, mwalike, mpe kiti, na asiulizwe ameokoka lini kabla hajanywa chai. Chupa za kuombewa mziache nyumbani.