Mvua Haibishi Hodi

Katika sehemu kubwa ya Uganda mvua kubwa huanza mwezi Machi, hupungua Juni, kisha hurejea Septemba hata Novemba. Kila mwenye nyumba analijua jambo hilo tangu utotoni. Hata hivyo kila mwaka mvua ya kwanza huwakuta watu wakihamisha vitanda usiku wa manane na kutafuta masufuria ya kukingia matone. Taabu huzidi pale ambapo bwana yuko kazini mbali, pengine Karamoja, au nje ya nchi kama wale wengi waliopelekwa Somalia tangu 2007, na mama amebaki peke yake na watoto, taa imezimika, maji yameanza kupenya chini ya mlango.

Ni wachache wanaofahamu uzito wa maji yanayotoka juu ya nyumba yao wenyewe. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Basi paa la nyumba ndogo, lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, likipata mvua ya milimita 40 alasiri moja, litamwaga lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Pasipo mchirizi wa bati, shehena hiyo yote huangukia penye miguu ya ukuta. Tofali huyanyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Plasta hubambuka, rangi hufura, na mchwa, ambao hupenda sana udongo wenye unyevu, hupata njia ya kufikia mbao za mlango. Mchirizi uteremke kidogo kuelekea pipa, kama sentimita 1 kwa kila mita 2, na pipa lifunikwe ili mbu wasizaliane humo. Asiyeweza kununua mchirizi na achimbe mfereji mdogo wa kuyapeleka maji mbali, autandaze kokoto pale matone yanapopiga, na udongo wa kando ya ukuta aushindilie uelekee nje, si ndani.

Paa lenyewe hukaguliwa siku ya jua kali. Mlango na madirisha yafungwe, mtu asimame ndani gizani na kutazama juu: kila tundu litang'aa kama nyota, na kila nyota itiwe alama ya chaki. Wakaao katika vile vibanda vya mabati vya mviringo, ambavyo askari wa polisi huviita yuniporti, wanazijua nyota hizo vizuri mno. Katika nyumba yenye dari ni vigumu zaidi, kwa kuwa tone linaloonekana mezani huenda lilianza safari yake mbali, likafuata mbao za paa mpaka lilipopata upenyo wa kuangukia. Fundi anayeziba pale palipolowa tu amepokea fedha bure. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa mkunjo, wala si bondeni ambako maji hupita, na uwe na mpira wake chini ya kichwa. Bati lililopandana na jingine lipandane mikunjo miwili, na ukingo wa juu uelekezwe kule upepo wa mvua unakoelekea, ili upepo usiyasukume maji ndani. Tundu dogo huzibwa kwa kipande cha kitambaa kilicholoweshwa lami, bati likiwa limesuguliwa kutu na kukauka. Afanyaye kazi hiyo aweke ubao wa kukanyagia, na mwingine ashike ngazi.

Kitu ambacho familia nyingi hukijutia baada ya mafuriko si kiti wala redio, bali ni hati. Katika sanduku la bati chini ya kitanda hulala vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, barua za kuajiriwa na kupandishwa cheo, na kitabu cha benki. Siku mjane atakapokwenda kudai haki za marehemu, karatasi hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza, na mama asiyekuwa nazo huzungushwa kutoka meza hii hadi ile kwa miezi. Chini ya kitanda ndipo mahali pa kwanza maji yanapofika. Hati zifungwe katika mifuko miwili ya nailoni, zitundikwe juu ukutani, na nakala zake ziwekwe kwa ndugu anayekaa mahali pengine. Zikilowa licha ya hayo, zisibanduliwe kwa nguvu wala zisianikwe juani. Zilazwe kivulini juu ya magazeti makavu, magazeti yabadilishwe mara kwa mara, na kila karatasi itengane na mwenziwe kwa wakati wake.

Maji yatokayo chini yana tabia nyingine kabisa. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1964, na waliojenga karibu na ufuko walihama. Mwezi huohuo mto Nyamwamba ulifurika Kasese. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, na watu wengi walipoteza maisha. Mafuriko ya namna hiyo hayazuiwi kwa magunia ya mchanga mlangoni. Watoto watolewe kwanza kuelekea mwinuko, na mtu yeyote asivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa chini ya goti, maana hayo hutosha kumwangusha mtu mzima. Swichi kuu izimwe mapema, mkono ukiwa mkavu na miguu ikiwa pakavu. Iwapo maji yamekwisha kuifikia soketi, asiingie mtu ndani kwa ajili ya godoro.

Maji yakiondoka, kazi haingoji kesho. Ukungu waweza kuanza kuota katika siku moja au mbili. Matope yakombwe yangali mabichi, kwa kuwa yakikauka hushika kama saruji; kisha sakafu na kuta zioshwe kwa sabuni, na baadaye kwa maji yenye dawa ya klorini, ambayo haichanganywi na dawa nyingine ya kusafishia kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Milango na madirisha yaachwe wazi mchana. Ukuta usipakwe rangi kwa haraka ya kuficha madoa: rangi mpya juu ya ukuta mbichi itabambuka kabla ya Krismasi. Godoro lililolowa maji ya choo halina dawa, na litupwe, ingawa moyo unauma. Maji ya kisima yachemshwe mpaka yatokote.

Kuhusu chakula, mama wengi huwa na huruma isiyofaa. Mahindi na karanga zilizolowa na kuota ukungu zaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, tangu siku ya kununuliwa.

Hatimaye kuna ule mfereji wa nyuma. Katika kambi nyumba kumi huutumia mmoja, na anayetupa maganda ya matoke upande wa juu humfurisha jirani wa chini, ambaye hakutupa kitu. Jumamosi moja kabla ya Machi, na nyingine kabla ya Septemba, kila nyumba itoe mtu mwenye jembe au koleo. Kazi ianzie chini kabisa, kule maji yanakotokea, la sivyo takataka zitakazochimbuliwa juu zitateremka na kuziba palepale.