KUTAFUTA KAZI SI KUOMBA SADAKA

Wazee wetu walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuna nia ya kuyakanusha. Lakini kijana anayegaagaa na upwa wa Nungwi au wa Kiwengwa siku hizi hukuta ukuta wa hoteli, na langoni hukuta mlinzi, na swali la kwanza analoulizwa aghlabu si "unajua kazi gani?" bali ni "umetumwa na nani?" Juu ya swali hilo ndiyo tunataka kuzungumza na ndugu zetu wanachama, kwani limekwisha kuwa maradhi ya nchi, na sisi wenyewe hatukusalimika nayo.

Kwanza tuwaondolee vijana lawama wasiyostahiki. Wako watu wenye vyeo na mishahara ambao hupenda kusema kwamba vijana wa leo ni wavivu na wanachagua kazi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Visiwa vyetu vina watu 1,889,773, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Kila mwaka skuli na vyuo hutoa wengine, ilhali nafasi za Serikali ni chache, karafuu haichukui watu ila kwa msimu, na hoteli huajiri wageni wanapojaa na hupunguza watu masika yanapoingia. Asiyepata kazi katika hali kama hiyo hana sababu ya kuona haya mbele ya jamaa zake.

Walakini kuyajua haya hakumpi mtu mshahara. Yapo matatizo ambayo dawa yake imo mikononi mwa wenye madaraka, na hayo tutaendelea kuyadai. Yapo na mengine ambayo dawa yake imo mikononi mwetu wenyewe, tawi kwa tawi na baraza kwa baraza, nayo ndiyo tunayoyaeleza leo.

Tatizo la kwanza ni khabari. Tangazo la kazi hutoka mjini, gazetini au katika mtandao, na kijana wa Makunduchi au wa Micheweni hulisikia siku mbili baada ya muda kupita. Dawa ya hili haitaki fedha nyingi. Kila tawi na limteue kijana mmoja, mwanamke au mwanamme, ambaye kazi yake itakuwa kutafuta matangazo kila siku, kuyaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika barazani ambapo kila mpita njia atayaona. Wala asiwafiche wasiokuwa wanachama, kwani khabari ya kazi si siri ya chama.

Tatizo la pili ni vyeti. Ni wangapi kati yetu ambao hawajapata kumwona mtu aliyefaulu vyema akarudishwa kwa sababu cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis na cha skuli kimeandikwa Hamisi, au kwa sababu jina la babu limo katika kitambulisho na katika cheti halimo? Kusahihisha makosa kama haya huchukua muda, na tangazo la kazi halimngojei mtu. Basi mzazi asisubiri. Vyeti vya mtoto vilinganishwe neno kwa neno mara anapomaliza skuli, na chenye kasoro kirekebishwe wakati huo. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kishughulikiwe mapema, na barua ya sheha iombwe mapema. Ikitokea sheha akakataa kutoa barua kwa sababu ya chama cha mwombaji, mwombaji asigombane naye. Arudi na wazee wawili wenye heshima, aombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi, kisha jambo hilo alifikishe wilayani, na nakala moja ibaki tawini.

Tatizo la tatu ni lile liitwalo uzoefu. Tangazo hutaka mtu aliyefanya kazi miaka 3, na aliyemaliza chuo jana hujiuliza atautoa wapi uzoefu ikiwa kila mlango unamtaka aje nao. Malalamiko haya ni ya haki. Lakini tumeona pia vijana wakijidharau wenyewe. Kijana aliyeweka hesabu za duka la baba yake kwa miaka 4 haandiki hata neno moja juu ya hesabu hizo. Binti aliyelima mwani pamoja na mama yake katika pwani ya Paje, akajua bamvua na maji mafu, akapima, akakausha na akauza, huandika kwamba hajapata kufanya kazi. Kilimo hicho cha mwani kimekuwapo katika pwani hiyo tangu mwaka 1989, na ni kina mama walioketi majini kwa saa nyingi ndio waliokisimamisha. Kama hiyo si kazi, kazi ni ipi? Na yaandikwe yote hayo katika barua ya maombi, kwa ukweli na bila ya kutia chumvi. Na asiyekuwa na ujuzi wowote asione uchungu kwenda katika vituo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Fundi wa umeme au wa mabomba hana udhalili wowote mbele ya karani.

Liko na tatizo la usaili. Sisi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kujibu kwa maneno machache. Hii ni adabu njema na hatutaki iondoke. Lakini mwenye kusaili, khasa akiwa mgeni, huidhania adabu hiyo kuwa ni ujinga au uwoga. Kwa hivyo kijana anapaswa kujizoeza. Katika kila shehia wako walimu waliostaafu. Waombwe wakae na vijana jioni moja kwa wiki, wawaulize maswali kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na wawasahihishe bila ya kuwacheka.

Na Pemba ina taabu yake makhsusi. Mwombaji wa Wete au Chake Chake anayeitwa kusailiwa Unguja hana budi kulipa boti kwenda na kurudi, na kutafuta pa kulala. Wako waliokosa kazi si kwa kukosa sifa, bali kwa kukosa nauli. Wanachama wa mjini wanaweza kutoa mkeka na sahani ya wali kwa siku mbili, na matawi yanaweza kuweka mfuko mdogo wa nauli. Tukumbuke kwamba mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja walipogoma, na mgomo ukaenea mji mzima, hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kibarua, na nguvu yao ilikuwa kwamba hakuna aliyekwenda peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, nalo ni kununua na kuuza kazi. Yuko dalali anayeahidi kazi ya nyumbani Muscat au Dubai na kutaka alipwe kwanza. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Basi anayetaka fedha ya binti yako kabla ya kumpa kazi, muulize leseni yake, na ulizia ofisi ya kazi kama anajulikana. Binti asitie saini mkataba asioweza kuusoma, na nakala ya pasi yake na ya mkataba wake zibaki kwa wazee wake.

Yuko na dalali wa hapa hapa, anayevaa shati safi na kusema kwamba anamjua mkubwa fulani. Rushwa ya namna hii ni kosa, na tangu mwaka 2012 Visiwa vyetu vina mamlaka iliyoundwa kwa sheria ili kuizuia. Lakini sheria haitashika mwizi ambaye tunamfungulia mlango sisi wenyewe. Tunakaa barazani tunalaani upendeleo mpaka usiku, na asubuhi tunampigia simu binamu aliyeko ofisini tukamwomba "atufanyie mpango". Mwenye binamu hufurahi. Na yule mtoto wa mvuvi, aliyekuwa na alama nzuri kuliko wetu, hurudi nyumbani asijue ni nani aliyemdhulumu.

Zaidi ya hayo, tumesikia baadhi ya ndugu zetu wakisema kwamba siku yetu itakapofika, kazi zitakuwa za watu wetu. Twasema wazi kwamba maneno hayo hatuyakubali. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, inampa kila raia haki sawa ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Haikutaja kadi ya chama, wala haikutaja kisiwa alichozaliwa mtu. Kazi inayotolewa kwa kadi ni dhulma leo, na itakuwa dhulma kesho hata kama kadi hiyo ni yetu. Tukiyasema haya tukiwa tumenyimwa, kisha tukayasahau tukiwa tumepewa, hatutakuwa tumedai haki bali tumedai zamu.

Kwa hivyo twawaomba wanachama mambo matatu. Asiyekuwa na kazi asikate tamaa wala asijifungie ndani, bali ajitokeze tawini asaidiwe khabari, karatasi na mazoezi. Mwenye kazi ampokee anayetafuta, ampe nauli na maelezo, lakini asimpe nafasi ambayo mwingine anaistahiki zaidi. Na sote, mkubwa na mdogo, tukatae kutoa hata senti moja ili kununua kazi. Mwenye kutafuta kazi hakuja kuomba sadaka. Amekuja na elimu yake na mikono yake, na jambo analotaka ni kuulizwa lile swali la haki: unajua kazi gani?