Huzuni na Lalamiko, Ndugu wa Neno Moja

Vijana wapendwa, wale miongoni mwenu wanaojifunza Kiingereza hutuuliza juu ya neno grief. Kamusi yao hulifasiri kuwa huzuni, ilhali mwalimu wa Kifaransa amewafundisha kwamba grief ni lalamiko, jambo ambalo mtu humshitakia mwenzake. Hakuna aliyekosea.

Neno ni moja. Shina lake ni gravis ya Kilatini, yaani kitu kizito, na Kifaransa cha kale kilipata humo kitenzi cha kulemea. Wanormandi walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, lugha yao iliingia nao, na neno hili likahamia huko baadaye. Waingereza wakabaki na mzigo wa moyoni. Wafaransa wakabaki na mashitaka. Huzuni yetu nayo imetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake hutaja pia ardhi ngumu, isiyopitika kwa urahisi. Mtu aliyepanda milima ya Masisi akikimbia, godoro kichwani, hahitaji kamusi hapo.

Sisi wa Masisi na Walikale tumeona mzigo ukigeuka mashitaka. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, wilayani Walikale, na muda si mrefu mauaji yakaenea Masisi. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, lakini hesabu yake mmerithishwa. Mmeisikia kilioni: usiku wa kwanza analiliwa marehemu, usiku wa tatu, kando ya moto, yanaanza kutajwa makabila. Kijana aliyekuja kufariji anaondoka amekabidhiwa adui, na wenye bunduki wanajua kumsubiri njiani.

Hatusemi kwamba kulalamika ni dhambi. Mjane aliyenyang'anywa shamba ana haki ya kwenda mahakamani, nasi tumwandikie barua. Tunachokiogopa ni lalamiko lisilo na mshitakiwa, linalomwangukia kila asemaye lugha fulani, ilhali jirani huyo naye ana makaburi yake.

Kwa hiyo kikundi kinapokwenda kilioni, kichote maji, kipasue kuni, kikae hadi usiku wa mwisho. Mzee akianza hesabu ile, mmoja wenu amwombe kwa heshima atusimulie marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Wengine watakasirika. Sisi tumekwisha kukasirikiwa mara nyingi, na bado wanatuita kwenye vilio vyao.